Tai ya Mwisho

Kikapu nilichokishusha kutoka dirishani kwangu ghorofani kilining'inia juu ya meza ya muuza samaki, kikabakiza kidogo tu kumfikia. Nilikuwa nimeunganisha tai zangu zote za kazini, na bado kamba ilikuwa fupi.

"Mzee, ongeza kidogo," aliniita kutoka chini barabarani.

Nyuma yangu binti yangu alikuwa ameshafungua kisanduku cha kubebea paka.

"Baba, una plasta mguuni, ngazi huziwezi, na mimi siwezi kuja kila siku. Mkaguzi atakula nini? Acha nimpeleke kwa watu watakaomlisha."

Mkaguzi, paka wangu, alikuwa amejilaza juu ya plasta, hana habari.

Ilibaki tai moja tu, ya hariri, ile niliyoinunua nilipohitimu masomo ya usiku. Nilikuwa nimeivaa. Nikaanza kuifungua shingoni.

"Hiyo si ulisema uzikwe nayo?"

"Kwani nimekufa?"

Nikaiunga kwa mafundo mawili na kushusha. Vichwa vya samaki vikatua kikapuni, hariri ikakaza viganjani mwangu.

"Na kesho, mzee?"

"Kesho pia," nikasema, nikaanza kuvuta.