Kiti cha Déogratias

Mtoto hakuitika. Kwa wiki sita mwalimu alisoma majina kwenye registre kila asubuhi, na alipofika kwake darasa zima lilinyamaza, likasubiri, halafu likacheka. Hakusema neno kwa mwalimu wala kwa wenzake.

Shule ilikuwa ya binafsi, pale mtaa wa Muhumba, na direkta, mkuu wa shule, hakutaka mzaha. Alimwita Maman Agathe, aliyezunguka Bukavu akipima watoto wenye ulemavu. Kama mtoto hasikii, angepelekwa kwa masista wa viziwi, Goma, siku nzima kwa boti. Kama anasikia na anakaidi, angefukuzwa. Watoto sitini walikuwa wakikingojea kiti chake, na shule za Serikali zilikuwa zimefungwa kwa mgomo.

Baba yake, Télesphore, alisimama karibu na mlango na kofia mkononi.

"Papa, mutoto iko na miaka ngapi?" Agathe aliuliza.

"Mu karatasi iko tisa."

"Iko mudogo."

Télesphore aliikunja kofia.

Agathe alifungua faili. "Mwezi wa saba, mu examen ya kuingia hapa, alisoma ukurasa muzima. Padri mwenye alimusikiliza ameandika hapa: 'Huyu anasema kama redio.' Sasa imekuwa nini?"

Padri huyo hakuwepo tena wa kuulizwa. Alikuwa amekwisha kurudi Ulaya.

"Mwezi wa nane homa ya kichwa iliingia kwetu, kule Kalehe," Télesphore alisema. "Siku tatu tu."

Agathe aliweka kalamu chini. Alikuwa amekwisha kuona watoto kumi na mmoja waliotoka katika homa ile bila masikio.

"Pole, papa."

"Aksanti, maman."

Mashine yake ya kupimia ilikuwa imekufa miaka miwili, kwa hiyo alipima kwa sauti. Alimgeuza mtoto akatazama ukuta. Angemwita kwa mnong'ono, kwa sauti ya kawaida, kisha kwa kelele. Kwanza kwa hatua mbili, halafu nne, halafu sita.

"Nyumbani munamuitaka Mugisho, kama mu registre?"

"Jina ile kwetu haiitwi tena."

Agathe alicheka kidogo. Wakati ule parti, yaani chama tawala, ilikuwa imekataza majina ya ubatizo katika karatasi, lakini nyumbani watu waliyashika. "Nimeelewa. Carte ya batizo iko hapa. Nitamuita Déogratias. Usiogope, papa, hapa hakuna mutu ya parti."

Télesphore alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Déogratias," Agathe alinong'ona.

Mtoto hakugeuka. Aliita tena, akaita kwa nguvu, akarudi nyuma hatua mbili, akaita. Mara ya saba mabega ya mtoto yalianza kutetemeka. Mara ya tisa, sauti yake ilipofika mpaka uani na kuku wakakimbia, mkojo ulishuka kwenye mguu wa mtoto. Bado aliutazama ukuta.

Agathe aliona uchungu. Alimfuta mguu kwa kitambaa chake mwenyewe. Kisha akaandika: kiziwi kabisa, baada ya homa ya ubongo. Direkta alipiga muhuri. Télesphore alitia saini, polepole, kama mtu anayebeba gunia.

"Masista watamufundisha kusema na mikono," Agathe alisema. "Hatapotea. Papa, uko na bahati. Hii homa inauaka."

"Najua, maman."

Nje, Télesphore alimshika mtoto mkono. Walipita kwenye lango, wakapita ua wa jirani, wakafika mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Papa," mtoto alisema, "yule maman ameita yaya Déo, mukubwa wangu, mara tisa. Mimi sikuitika. Tate muzee alisema, ukiitika jina ya mutu iko mu kaburi, anakuja kukubeba."

Lango lilikuwa bado wazi nyuma yao. Télesphore aliikunja karatasi yenye muhuri, akaitia mfukoni, wakaendelea kushuka.

Donatien, aliyewekwa kwenye kiti cha kaka yake, alikaa kwa viziwi miaka mitano. Aliporudi alikuwa na miaka kumi na miwili, alijua ishara mia nne za mikono, na mdomoni hakuwa na neno hata moja.