Upande wa Abiria

"Ananichoma makusudi," mama aliyekaa kiti cha abiria alisema, kabla fundi hajauliza kitu. "Upande wake barafu, upande wangu jiko. Wiki ya tatu hii! Fundi, mtu wa namna hiyo unamwitaje?"

Aliyeshika usukani, mke wa mwanawe, alizima redio. "Mama, nimeleta gari litengenezwe. Ningekuwa nakuchoma makusudi, ningelileta?"

"Umelileta leo kwa sababu leo unafukuzwa."

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi kwa kuwa alitengeneza viyoyozi na majokofu tu, alijifanya hasikii. Lakini utajifanyaje husikii, na watu wawili wanarushiana maneno juu ya kichwa chako? Dakika tano hazikuisha, alishajua yote. Mama alikuwa amepoteza pete yake ya ndoa, ya jiwe la kijani, aliyovishwa na marehemu mumewe. Alisema mkamwana ameiiba. Saa nne asubuhi hiyo kikao cha familia kingekaa nyumbani kwa mama kuamua, na mume, ambaye mbele ya mama yake hakuwa na kauli, alishapakia sanduku la nguo za mkewe kwenye buti kwa mikono yake mwenyewe. Kikao kilikuwa cha kumalizia tu.

"Uliivua siku tunakwenda hospitali, vidole vimekuvimba," mkamwana alisema. "Humu humu garini. Nilikuona."

"Nikaitia mkobani. Na mkoba alinibebea nani?"

"Haya. Basi leo mikoba yote imwagwe mezani, wangu na wako, mbele ya watu wote. Tupekuliwe mpaka mifukoni. Mimi sina cha kuficha."

"Imwagwe! Unadhani nitaogopa?" Mama aliupigapiga mkoba wake uliokuwa mapajani. "Imwagwe hata mara tatu."

Baridi akachomeka vipimajoto viwili kwenye matundu ya hewa. Gari lilikuwa la aina ile ambayo dereva anajichagulia baridi yake na abiria yake. Akasubiri kidogo. Upande wa dereva, nyuzi saba. Upande wa abiria, thelathini na nne.

"Umeona?" mama alisema. "Umeona roho ya mtu ilivyo?"

"Hiyo si roho, mama. Ni gari."

"Gari linaendeshwa na nani?"

Loo, yule mama ulimi wake haukuwa na breki. Baridi aliinama kwenye boneti kupima gesi, angalau apumue. Gesi ilikuwa ya kutosha. Akarudi ndani, akazungusha kitufe cha abiria kutoka joto hadi baridi, akatega sikio. Nyuma ya droo ya dashibodi kitu kilijibu: tak, tak, tak.

"Mota ni nzima," alisema. "Kila upande una kibao chake humo ndani, cha kuziba hewa ya moto. Cha kwako, mama, kinataka kuziba kinashindwa. Hamia kule mara moja nifungue hii droo."

Simu ya mkamwana ikaita. Alikuwa mumewe: wajomba na mashangazi walishafika, wao wako wapi? Karakana ilikuwa na kelele, akashuka akaenda kuongelea getini, kidole kimoja sikioni. Alikuwa akisema "tunakuja, tunakuja" kama mtu anayejibu hakimu. Baridi alimwonea huruma, akaikasirikia ile sauti ya kwenye simu ingawa hakuijua.

Mama alihamia kiti cha dereva. Ubaridi wa kule ukampiga kifuani na shingoni. Akafumba macho, akaachia vifungo viwili vya juu vya gauni, akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe ndivyo anavyostarehe," alisema. "Shetani mkubwa."

Baridi aliinama kwenye droo. Alitoa skrubu sita, akaishusha droo, akafungua mota na kuingiza koleo refu kule ndani. Vitu hupenya kwenye uwazi wa dashibodi chini ya kioo cha mbele, watu hawana habari. Alishawahi kutoa kalamu, sarafu, hata jino la bandia ambalo mwenyewe alilikana. Koleo likashika kitu kigumu. Akavuta, kikagoma, akavuta tena. Kibao kikarudi mahali pake na hewa ya baridi ikampuliza usoni.

Akakifuta kile kitu kwenye ovaroli, akakiweka kiganjani.

Jiwe lake lilikuwa la kijani.

Moyo ulimruka Baridi kwa furaha, utadhani yule wa getini alikuwa dada yake wa tumbo moja. "Mama! Mama, si ndiyo hii?"

Mama alifumbua macho. Aliitazama pete muda mrefu. Akaligusa jiwe kwa ncha ya kidole, taratibu, na machozi yakamlengalenga.

"Ndiyo yenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo aliyonivisha baba yao."

"Alhamdulillahi! Ngoja nimwite huyu dada asikie."

Alipovuta pumzi kuita, mama alimdaka mkono. Aliangalia getini, ambako mkamwana alikuwa bado amewapa mgongo na simu sikioni. Akaangalia mkoba wake. Kisha akafunga vifungo vya gauni, akashuka kutoka kwenye ule ubaridi, akazunguka gari na kusimama kando ya kiti cha abiria.

"Rudisha ulipoitoa," alisema. "Joto nimeshalizoea."