Kibali cha Kigogota

Wasemao hawachoki kusema, na walilosema ni hili. Ngedere ndiye aliyekuwa akitoa vibali vya wageni msituni, na alipenda kubembelezwa kuliko alivyopenda ndizi. Siku moja akaja Kigogota kutoka ng'ambo ya mto, fundi wa kuchokoa funza ndani ya miti.

"Shikamoo, mzee. Mkuyu huu unaoukalia unaliwa kwa ndani. Nipe kibali nikae, niutibu."

"Marahaba. Lakini sheria ni sheria. Kwanza tuhakikishe hakuna mwenyeji awezaye kazi hiyo."

Kanga, asiyekosa neno, akadakia: "Kwani mimi sina mdomo?" Akadonoa shina mara tatu, akala sisimizi wawili, akatangaza kwamba mti ni mzima.

"Umesikia, bwana? Rudi kesho," akasema Ngedere.

Kesho ikazaa kesho. Kigogota akachoka, akaenda msitu wa jirani, akapokewa siku hiyo hiyo.

Masika yalipoingia, mkuyu ukaporomoka, Ngedere na wanawe wakakosa pa kulala. Akawabeba mgongoni hadi msitu wa jirani, akaomba kukaa. Pimbi, karani wa huko, akamuuliza kwa upole: "Karibu, bwana. Wewe ni fundi wa nini?"

Ngedere akavitazama viganja vyake. Kumwambia mtu arudi kesho, huo nao ni ufundi? Juu, kwenye mti wenye afya, ikasikika ko-ko-ko, naye akatamani irudi siku moja tu, ile ya kwanza.