Mayai ya Bi Siwema

Tangu wenye maduka makubwa walipoungana na wachimbaji wa sarafu ya mtandaoni, ambao siku hizi ndio huthibitisha kila malipo, malipo yasiyopitia madukani mwao hayathibitishwi. Wateja wa mayai wa Bi Siwema wakapukutika mmoja mmoja, hadi uani kwake zikabaki sauti za kuku tu.

Asubuhi hiyo alijaza bakuli mayai, akabisha hodi kwa Mzee Mughwai, rafiki wa marehemu mumewe.

"Chukua, shemeji. Sitaki hata senti."

Mzee alichungulia barabarani kwanza. "Siwezi, shemeji. Nisiponunua mayai kwao wiki moja tu, watajua nimepata kwingine. Pensheni yangu nayo wataikwamisha."

Akafunga mlango polepole, kwa aibu.

Bi Siwema alirudi na bakuli lake. Alipofika uani, kuku walikuwa wametaga tena.