Mpaka wa Nguchiro

Mawingu yalipotanda, Nguchiro hakutulia. Alipanga na kupangua vyumba viwili vya kichuguu, wanyama wasije wakakanyagana mvua ikinyesha. Mwishowe akajinyoosha chini kama kipimo, akapaza sauti: "Mfupi kuliko mimi, kushoto! Mrefu kuliko mimi, kulia! Mwingine asifunguliwe, hata akilia!"

Mvua ikamwagika. Wote waliingia, Nguchiro akabaki nyuma akihimiza. Maji yalipomfika tumboni, akagonga kushoto.

"U mfupi kuliko Nguchiro?" akauliza Kobe mlangoni.

"Nguchiro ndiye mimi, ndugu yangu!"

"Basi si mfupi kuliko yeye. Jaribu kulia."

Kulia, Kenge akamjibu: "Wala humzidi, bwana mkubwa. Amri ni yako."

Nguchiro akapanda juu ya kichuguu, akitetemeka, akiwasikia wenziwe ndani wakimsifu kwa mpango mzuri.