Kosa Lililoachiwa Mgeni

"Usiliguse hilo," Nolvia alisema, akausukuma mkono wa Elvin kutoka kwenye kibodi. "Hilo ni la mgeni."

Elvin alicheka, mdomo umejaa mkate wa baleada. "Dada, ni mstari mmoja tu wa msimbo. Nalimaliza kabla sijameza."

"Ndiyo maana nimeliacha."

Programu yao ilikuwa ya bure, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Ilifuatilia vipimo vya maji ya mto Ulúa, na mto ukijaa ilipiga king'ora katika simu za watu wa bondeni. Zamani ilikuwa na wachangiaji tele. Mmoja akapata kazi Uhispania, wengine wakagombana, wengine wakanyamaza tu bila kuaga. Sasa walibaki wawili katika chumba hiki cha San Pedro Sula, na Elvin mwenyewe alikuwa mguu ndani, mguu nje.

Wazoefu wa kazi hii walikuwa wamemfundisha Nolvia kwamba wachangiaji hawapatikani kwa matangazo. Unamwachia mgeni kosa jepesi, alirekebishe kwa mkono wake, apongezwe mbele za watu. Akishaonja utamu huo, atarudi. Basi alichagua moja: programu ilikuwa ikiruka kila jina lenye ñ, ile herufi yenye kiwimbi juu, liwe la mtu au la mahali. Akaandika kwenye ukurasa wa mradi, wote waone: "Wenyeji tusiliguse kosa hili. Tunamwachia mgeni wa kwanza."

"Kwa hiyo mjomba wangu Muñoz haimtambui," Elvin alisema.

"Mjomba wako hata mkewe hamtambui akishalewa. Kunywa kahawa yako."

Mgeni hakuja. Miezi ikapita, na Elvin akapata ajira katika kampuni ya simu.

"Usininunie, dada. Siku ukimpata huyo mgeni wako, nipigie nije nimwone kwa macho."

Novemba mvua zikamwagika na mto ukavunja kingo. Nolvia alishinda mbele ya kompyuta, akitazama ving'ora vikilia mji baada ya mji, watu wakikimbilia kwenye miinuko. Alikuwa peke yake. Hapakuwa na wa kumpokea zamu hata akaoge.

Maji yalipopungua, alijua hawezi tena. Aliandika maneno ya kuufunga mradi, akayasoma mara mbili. Alipokuwa karibu kuyatuma, kikaingia kitu ambacho hakikuwa kimeingia kwa muda mrefu: rekebisho kutoka kwa mtu asiyemjua, Eduin Murillo. Alikuwa amelirekebisha kosa la ñ. Kazi ilikuwa safi, na alikuwa ameijaribu vizuri kabla ya kuileta.

Nolvia alifuta maneno yake ya kuaga. Akampigia Elvin.

"Mgeni amefika."

"Acha utani, dada."

"Amefika, nakwambia. Na anajua kazi."

Akakata simu, akafuta machozi, akaandika kwa furaha: "Karibu sana, Eduin. Hujui tulivyokungoja. Hebu tuambie, ulitupataje?"

Eduin akajibu:

"Kwetu ni La Peñita. Nilikuwa natafuta kwa nini simu ya marehemu mama haikulia."