Ukucha Uliopasuka

"Dada, nani kamchukua mwanangu?" Mama Kidoti aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Mlezi wa chekechea alifumba macho. Aliliona lango. Aliliona begi la njano la Kidoti likitoka. Lakini juu ya begi, pale palipopaswa kuwa na uso wa mtu, palikuwa patupu.

Wakati ule mtoto mwingine alikuwa akitokwa damu puani. Mlezi alikuwa amembana pua kwa kitambaa, na akili yake yote ilikuwa kwenye ile damu. Mtu akasema, "Nimemfuata Kidoti," naye akainua macho, akaitikia. Nafasi iliyobaki kichwani ilitosha kitu kimoja tu.

"Mwanamume," alisema. "Alisimama mbele yangu hapa hapa, lakini sura siipati."

"Mrefu? Mfupi? Alivaa nini?"

"Sijui, Mama Kidoti. Niliuona mkono ukishika begi." Aliinua kidole chake mwenyewe kuonyesha. "Kidole gumba. Ukucha umepasuka katikati, toka juu mpaka chini, kama kucha mbili zimeota pamoja."

Mama Kidoti hakupiga kelele. Alijikalisha kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Mkono wa kulia," alisema. Hakuwa anauliza.

Vidole vyake vilipanda taratibu mpaka shingoni, vikatulia chini ya taya, juu ya kovu la mistari miwili myembamba iliyolala sambamba.